Kadi ya Moto na Baridi ya Ukadini

Nchi ya Ukadini ipo, na asiyetaka kuamini shauri yake. Bi Sikudhani binti Mbaruku, mama lishe wa Muheza, alifika huko kwa miguu yake mwenyewe, na jinsi alivyofika si hoja. La kuuliza ni jinsi alivyokaa huko siku zote zile bila kikombe cha chai ya moto, maana huyu ni mwanamke ambaye asubuhi asipokunywa chai hasemi na mtu, na akisema, afadhali angenyamaza.

Mpakani alipokelewa na afisa aliyevaa koti zito la manyoya, skafu imezungushwa shingoni na soksi za sufu zimevalishwa mikononi. Jua lilikuwa la utosini. Jasho lilimtiririka yule afisa mpaka likawa linadondoka juu ya meza.

"Karibu Ukadini, mama. Pole kwa baridi."

"Baridi ipi, baba?"

Afisa akatazama huku na huku, akamsogelea. "Mama yangu, usiseme hivyo kwa sauti. Toleo la Theluji limeshatoka. Vaa sweta hili, halafu tetemeka kidogo nikuone."

Sikudhani alidhani anataniwa. Alipoona mwenzake hacheki akavaa sweta, akatikisa mabega kama mtu aliyeingiwa na siafu.

"Mabega sawa," afisa akasema kwa upole, "lakini meno hayagongani. Basi, utazoea. Pita."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ukadini kuna Baraza la Kadi, na Baraza hilo kila mwaka huchapa toleo jipya la kadi zenye picha, likaziuza katika pakiti zilizofungwa. Hakuna ajuaye kilichomo mpaka achane. Watu huchana barabarani, nje ya misikiti, nje ya makanisa, hata msibani nimeambiwa wapo wanaochana, ila wanachana taratibu. Na sheria ya nchi ni moja: kilichochorwa mwaka huo ndicho kilichopo. Mwaka wa Toleo la Bahari watu walitembea na makasia mabegani, na nchi yenyewe haina hata bwawa. Mwaka wa Toleo la Majini wazee wazima walilala mvunguni. Mwaka huu Baraza lilikuwa limesikia kwamba nchi kubwa kubwa za mbali zina theluji, likaona ni aibu Ukadini kukosa. Hakuna mjumbe aliyewahi kuiona theluji, ila mmoja alikuwa na shemeji yake aliyewahi kuona kalenda yenye picha ya theluji, na huyo mjumbe ndiye aliyefanywa mtaalamu.

Basi kila alfajiri vibarua wa Baraza walipanda ngazi wakamwaga unga wa muhogo juu ya mapaa. Mji ukawa mweupe, ukapendeza kweli. Kisha kuku wa mtaa mzima wakaruka juu ya mabati, wakaanza kula. Ikifika adhuhuri msimu wote ulikuwa umeliwa, na kuku wa Ukadini walinenepa mwaka ule kupita kiasi.

Sikudhani alitembea akishangaa. Kwenye kona moja alikutana na mwalimu mmoja mpole, mwenye miwani, ambaye pakitini mwake alikuwa ametoka Dubu Mweupe. Mwenye kadi hiyo hana budi kumngurumia kila apitaye. Mwalimu alimngurumia Sikudhani, kisha akavua kofia. "Samahani sana, dada. Si mimi, ni kadi."

Alihudhuria hata kikao cha Baraza, maana wageni wanaruhusiwa kukaa nyuma ilimradi watetemeke. Siku hiyo mjumbe mmoja, mtu wa watu, alikuwa amesimama na kuuliza: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kama hii ni baridi, haya maji yanayotutoka migongoni ni ya nini?" Likaundwa jopo hapo hapo. Jopo likakaa, likala ndizi, likarudi na uamuzi kwamba kile si jasho, bali ni theluji inayoyeyuka inapogusana na mwili wa mzalendo, na kwamba anayetoka maji mengi zaidi ndiye anayeipenda nchi zaidi. Wajumbe wakapiga makofi huku wakijipangusa. Aliyeuliza swali akaongezewa koti la pili.

Hayo yote Sikudhani angeyacheka tu na kurudi kwao kusimulia. Kilichomnyima raha ni chai.

Wageni wa Ukadini hupangiwa wenyeji kwa kuchomoa kadi, naye alichomoa nyumba ya Bwana Akiba, mshona magodoro, mgane, mtu wa maneno machache na kichwa kigumu. Akiba aliishi na binti yake wa pekee, Tunu. Sikudhani alipobisha hodi binti huyo alimkaribisha kwa heshima zote, akamkalisha mkekani, akamletea kikombe. Sikudhani karibu alie kwa furaha. Akakipokea kwa mikono miwili, akapiga funda kubwa, akatoa macho.

"Mwanangu, hii ni nini?"

"Chai, shangazi. Imelowekwa tangu jana."

"Imelowekwa! Kwani nguo hii? Jiko limeharibika?"

"Jiko zima, shangazi. Ruhusa ndiyo hatuna."

Hapo ndipo alipoelezwa sheria ya moto. Baraza lilikuwa limefikiri kwamba penye theluji kitu adimu ni moto, kwa hiyo moto lazima uwe adimu. Kuwasha jiko mpaka uwe na Kadi ya Moto, na kadi hizo zilichapwa chache, zenye kingo za dhahabu. Mwenye nayo anampelekea Bwana Muhuri, Afisa wa Baridi, naye anaitoboa tundu kwa koleo lake, na tangu hapo mwenyewe anapika msimu mzima, yeye na yeyote amtakaye. Lakini kadi iliyotobolewa haina thamani tena. Huwezi kuibadilisha hata na Kadi ya Soksi. Kwa hiyo waliobahatika kuipata hawakuitoboa. Waliitia katika mfuko wa nailoni, mfuko katika kopo, kopo katika sanduku. Wakaitwa Wenye Moto, wakawa wanasalimiwa wa kwanza na kukalishwa mbele, na nyumbani wakala mchele wa kuloweka kama kila mtu.

"Yaani mwenye Moto hapiki?" Sikudhani akauliza.

"Akipika atakuwa hana Moto, shangazi."

"Na asipopika?"

"Anao."

Sikudhani akamwomba alirudie jibu hilo. Tunu akalirudia. Halikuwa na nafuu yoyote mara ya pili.

Na Bwana Akiba alikuwa mmoja wa Wenye Moto. Jioni ile ile alifungua sanduku, akavaa glavu, akaitoa kadi na kuishika mbali na uso wa mgeni. Ilichorwa vizuri, huwezi kusema uongo. Mafiga matatu, sufuria juu yake, na mwanamke ameinama anapuliza moto, shavu limetuna, mkono mmoja umeshika kanga isiangukie majivuni.

"Umeona?" Akiba akauliza.

"Nimeona, mzee. Ni nzuri."

"Basi inatosha. Usiipumulie."

Akaifungia tena. Tunu aliyekuwa kando akainuka akatoka nje, na Sikudhani, ambaye maisha yake yote hajaweza kumwacha mtu mwenye huzuni akajiliwaza peke yake, akamfuata.

Alimkuta ameegemea ukuta, machozi yanamtoka kwa hasira. Kumbe binti ameposwa. Mchumba wake aliitwa Heri, mchimba visima wa mtaa wa pili, kijana mchekeshaji anayeimba akiwa ndani ya shimo hadi watu wa juu wanajua amefika mwambani. Ruhusa yao ya kuoana ilikuwa ni Kadi ya Ndoa ya toleo la zamani, na kadi zote za zamani zilikuwa zinakufa Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Katika Toleo la Theluji hamkuwa na Kadi ya Ndoa hata moja. Baraza lilisema wakati wa baridi watu wanajikunyata, hawaoani.

"Si mfunge ndoa kesho basi?" Sikudhani akasema.

"Sheria yetu inataka sufuria moja, shangazi. Nyumba ya bibi harusi ipike, koo mbili zile pamoja, na Bwana Muhuri auone mvuke kwa macho yake. Pasipo mvuke hakuna ndoa. Na baba hataki kuutoa Moto. Anasema ni urithi wangu, ananitunzia." Akajifuta uso kwa mkono wa sweta. "Atanitunzia mpaka nizeekee hapa hapa na urithi wangu."

Sikudhani alihisi moyo unamwuma kama mtoto ni wake. Akarudi ndani, akaketi mbele ya Akiba.

"Mzee, mimi ni mgeni na mgeni hana ubishi. Lakini hili la mtoto limenishinda kunyamaza."

"Umeshalisikia."

"Nimelisikia. Itoe kadi, mtoto aolewe."

"Bi Sikudhani, kadi hii inapanda bei kila siku. Yule tajiri Bwana Bweta ametaka kunipa nyumba yake ya ghorofa, nimekataa."

"Haya. Ghorofa umekataa, pilau umekataa, mkwe umekataa. Unachokitaka ni kipi, mzee wangu?"

Akiba alivuta godoro alilokuwa akilishona, akaendelea kushona, na alipojichoma sindano hakusema hata "aa".

Sikudhani hakuwa mtu wa kukubali kushindwa na jiko. Siku iliyofuata aliijaza sufuria maji, akaiweka juu ya bati palipowaka jua kali, akafukuza kuku, akamwita Bwana Muhuri. Afisa huyo alikuwa mtu mnene, mwema, aliyeipenda kazi yake lakini haikumpenda yeye, maana koti lake lilikuwa zito kuliko ya wote. Akachovya kidole.

"Ni ya moto," akakiri.

"Si ndiyo! Andika ndoa."

"Imepashwa na nini, mama?"

"Na jua. Si unaliona?"

Bwana Muhuri akaliangalia jua kwa muda, jicho moja limefumbwa. "Mama, naliona, lakini halimo katika toleo. Nikiandika jua, nimekwisha." Akashuka ngazi akihema, na kuku wakarudi.

Jumamosi ikafika. Kwa kuwa mwaliko ulikuwa umeshatoka, watu walikuja. Walikuja na masweta yao na sahani zao, wakakaa uani wakitazama mafiga. Mama yake Heri alikuja amenuna tangu mlangoni. Heri mwenyewe alijaribu kuwachekesha watu, watu wakacheka kidogo, kisha akaanza kuvunja kijiti vipande vipande. Tunu hata hivyo alikuwa ameandaa kila kitu. Mchele umeoshwa, nyama imekatwa, bizari imetwangwa, kuni zimepangwa. Bwana Muhuri alisimama kando, koleo lake linaning'inia kifuani, na kila mara aliitazama saa yake, kisha akaitazama nyama. Bwana Bweta naye alikuwepo, tajiri mwenye kadi nyingi kuliko mtu yeyote mtaani. Alikuwa amekuja kuhakikisha Akiba hafanyi ujinga.

Akiba alikaa kwenye kigoda, kopo mapajani. Hakuna aliyethubutu kumsogelea isipokuwa Sikudhani. Alikuwa amejiandalia maneno makali, mengine ya aibu kidogo. Lakini alipomtazama usoni aliyaacha yote.

"Mzee," akamwambia polepole, "hebu niambie kweli. Si bei, sivyo?"

Akiba akafungua kopo, akaitoa kadi ikiwa ndani ya nailoni yake.

"Mama yake Tunu alikuwa akipuliza moto hivi. Shavu hili hili. Kanga alikuwa akiikamata hivi hivi isimwangukie. Sina picha yake hata moja, Bi Sikudhani. Nilipochana pakiti nikamwona, nikakaa chini barabarani, watu wakadhani nimeshangilia dhahabu." Akaifuta nailoni kwa kiganja. "Sasa nimpeleke kwa Muhuri akamtoboe?"

Sikudhani alimshika mkono tu, akalia waziwazi, wala hakujificha.

Tunu hakuyasikia hayo. Upepo ulikuwa umepeperusha ule unga uliosazwa na kuku juu ya bati, ukaangukia mafiga, naye hakupenda kuona jiko lake chafu mbele ya wakwe, hata kama ni jiko baridi. Akainama kuupuliza. Akaikamata kanga kwa mkono mmoja, akavimbisha shavu, akapuliza, na unga ukaruka.

Sikudhani aliona. Aliufumba mdomo wake kwa kiganja, maana alijijua. Akamtazama Akiba, na Akiba alikuwa anamtazama binti yake. Akaitazama kadi. Akamtazama tena binti.

Mzee akasimama. Kopo likaanguka chini, likabingirika, hakuliokota.

"Bwana Muhuri! Njoo na koleo lako!"

"Akiba!" Bweta akapiga kelele. "Akiba, ghorofa na kiwanja chake! Na bustani!"

Akiba hakugeuka. Aliichomoa kadi kutoka kwenye nailoni kwa vidole vyake vitupu, na pale uani palisikika mtu akivuta pumzi, maana vidole vitupu ni jambo kubwa Ukadini. Akampa afisa, ila hakuiachia upande mmoja.

"Usimtoboe yeye," akasema.

"Sheria inasema tundu likae katikati," Bwana Muhuri akajibu. Katikati ya kadi ile palikuwa na shavu la mwanamke. Afisa aliliangalia shavu, akamwangalia Tunu, akamwangalia mzee. Akajikuna shingo chini ya skafu. Kisha akapeleka koleo juu kabisa, kwenye mbingu, mahali pasipochorwa kitu.

"Leo mkono wangu unatetemeka," akasema. "Unajua tena, baridi."

Akabana. Tak!

Heri ndiye aliyewasha, kwa haraka mpaka akaunguza kidole. Moshi ukatanda uani, watu wakakohoa, macho yakawatoka machozi, na waliokuwa wanalia kweli wakapata pa kujifichia. Kitunguu kilipoingia kwenye mafuta, mama yake Heri alivua sweta lake, akalikunja, akalikalia. "Na anikamate anayetaka kunikamata," akasema. Hakuna aliyetaka. Masweta yakaanza kuvuliwa moja baada ya jingine. Saa kumi na mbili haijafika, kifuniko kikainuliwa, na mvuke ukapanda ukamfunika Bwana Muhuri uso mzima. Alikaa ndani ya mvuke ule kwa muda usio wa lazima. Kisha akatangaza kwamba ameuona, na akaomba sahani.

Bweta alikuwa amebaki penye mlango, amekunja mikono. "Umeharibu kadi, Akiba. Umeharibu kabisa." Akavuta harufu. Akavuta tena. "Ni pilau la nyama hilo?"

"La nyama," Tunu akamjibu.

Akaondoka karibu anakimbia, na watu wakadhani amekasirika. Hawajamaliza kunawa akarudi na kopo kwapani, anahema, akimwuliza afisa kama koleo lake bado linakata, maana na mke wake alikuwa na mchele nyumbani.

Kesho yake sauti ya tak, tak ilisikika mitaa yote ya Wenye Moto, na moshi ukapanda mjini kote. Waliokosa kadi walialikwa na waliokuwa nazo. Baraza lilikutana kwa dharura kujadili kuporomoka kwa thamani ya Moto. Wajumbe walizungumza kwa uchungu mkubwa, na mjumbe mtaalamu, yule mwenye shemeji, alitaka watu wote walioshiba wahojiwe. Ndipo mhudumu alipoingia na birika la chai linalofuka. Mwenyekiti akaahirisha kikao hadi itakapotangazwa tena, na hadi Sikudhani anaondoka ilikuwa haijatangazwa.

Yeye mwenyewe alikunywa vikombe vitatu mfululizo, tangawizi ikimchoma koo. Hakusema na mtu mpaka alipokimaliza cha tatu, na alichosema kilikuwa, "Alhamdulillahi, kumbe bado mimi mzima."

Tunu alihamia kwa mumewe mtaa wa pili, akicheka na kulia kwa pamoja kama bibi harusi wote. Siku ya kuondoka, Sikudhani aliamka mapema akaingia jikoni kumuaga mwenyeji wake. Bwana Akiba alikuwa peke yake, anapanga kuni. Alikuwa amepigilia msumari ukutani juu ya mafiga, na kwenye msumari ameitundika ile kadi kwa tundu lake. Kingo za dhahabu tayari zilikuwa zimeanza kufifia.

"Mzee wangu," Sikudhani akasema, "hapo moshi utamfanya mweusi."

"Mwenyewe hakuwa akiukimbia," Akiba akasema, akainama, akavimbisha shavu, akapuliza.